Roketi za ridhaa: kupanda si kazi, kazi ni kushuka

Je, wajua kwamba mtu anaweza kurusha roketi ikapanda kilomita nzima, watu wakashangilia, na bado akafeli mtihani? Ndivyo ilivyo Marekani kwa wanaotafuta cheti cha kurusha roketi za ridhaa zenye nguvu kubwa. Vyama viwili vinavyotoa vyeti hivyo, National Association of Rocketry na Tripoli Rocketry Association, havina haja sana na urefu iliofika. Mkaguzi husubiri roketi iokotwe iletwe mezani, akaigeuzageuza, akatafuta jibu la swali moja: ikitiwa injini nyingine sasa hivi, itaruka tena? Pezi likiwa limevunjika au bomba limepasuka, cheti hakuna.

Nguvu ya injini hupangwa kwa herufi, na kila herufi ni maradufu ya iliyotangulia. Injini A haizidi nyutoni-sekunde 2.5, B haizidi 5, C haizidi 10. Mwanzoni tarakimu hizo zinaonekana za mchezo, lakini hesabu ya maradufu haina huruma: ukifika H umeshavuka 160, na M inaanzia juu ya 5,120. Daraja la kwanza la cheti linaruhusu H na I, la pili J hadi L, la tatu M hadi O. Kwa daraja la pili kuna pia mtihani wa kuandika.

Ndani ya injini hizi hamna tangi wala pampu. Kuna vipande vya fueli ngumu vyenye tundu katikati, vimepangwa ndani ya kasha la alumini, na moto hula kutoka kwenye tundu kwenda nje. Fueli yenyewe ni chumvi iitwayo amoniamu pakloreti iliyoshikanishwa kwa mpira, mara nyingi pamoja na unga wa alumini. Ni ya ukoo uleule wa fueli ya roketi mbili nyeupe zilizosindikiza vyombo vya Space Shuttle. Fueli ngumu si ngeni hata pwani yetu: roketi aina ya Scout iliyopeleka angani setilaiti ya Uhuru kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, iliitumia katika hatua zake zote nne. Huko Marekani serikali iliihesabu fueli ya wanaridhaa kuwa kilipuzi, vyama vikaenda mahakamani, na mwaka 2009 vikashinda.

Ujenzi ni kazi ya subira kuliko ya ufundi mkubwa. Mwili ni bomba la karatasi nene au la faiba, mapezi ni ya plaiwudi au faiba, na gundi ni epoksi. Mahali pezi litakapokaa hupigwa msasa mpaka mng'ao wote uishe, la sivyo epoksi hushika juujuu tu. Pezi zuri halibandikwi kwenye ngozi ya bomba. Hupenyezwa kwenye mkato hadi liguse bomba dogo la injini lililo ndani, kisha hutiwa gundi kote kuwili.

Halafu inakuja hesabu. Roketi ikiwa na injini ndani, hutafutwa kitovu chake cha uzito, yaani pale inaposimama sawa ikining'inizwa kwa kamba. Kitovu hicho lazima kiwe mbele ya kitovu cha nguvu za hewa, angalau kwa kipenyo kimoja cha bomba. Njia ya kukokotoa hicho cha pili waliipata wanaridhaa mwaka 1966 kwa James Barrowman, mhandisi wa NASA, na mpaka leo ndiyo wanayoitumia. Vitovu vikigeuzana, roketi huanza kupinduka kichwachini mara tu inapoacha reli ya kurushia.

Kuruka kwenyewe hakuna la kusimulia sana. Watu husogea mbali (kwa injini ya K ni mita 60 hivi), kitufe kinabonyezwa, injini inaungua sekunde chache, na safari iliyobaki ya kupanda ni mwendo wa mserereko.

Uhondo uko kileleni. Altimita iliyofungwa katikati ya roketi husoma mgandamizo wa hewa, na unapoacha kupungua inajua kupanda kumekwisha. Hapo huwasha gramu chache za baruti, roketi ikagawanyika vipande viwili vilivyounganishwa kwa kamba, na parachuti ndogo ikatoka. Roketi huachwa ishuke mbio makusudi. Inapobaki mita 200 hivi kufika chini, baruti ya pili hutoa parachuti kubwa. Kubwa ikifunguka juu kabisa, upepo utaipeleka wilaya nyingine. Na yote hayo yanategemea vitundu vidogo vilivyotobolewa kwenye ukuta wa chumba cha altimita. Ukisahau kuvitoboa, kifaa hakiijui hewa ya nje. Ndiyo maana daraja la tatu linadai mifumo miwili, kila mmoja na betri yake.

Ajali ya kawaida hutokea parachuti inapochelewa. Roketi inakuwa imeshashika kasi, kamba inavutwa ghafla na kulichana bomba kuanzia mdomoni kushuka, kama zipu inayofunguliwa. Inatisha kuitazama, lakini inatengenezeka. Bomba hukatwa chini ya mwisho wa mpasuko, mkato ukiwa umenyooka, kisha kipande cha bomba jembamba huingizwa nusu kwa epoksi na bomba jipya huvishwa juu yake. Kwa faiba vaa barakoa, vumbi lake si la kuvuta. Mapezi nayo hupindwapindwa kwa vidole sikio likiwa karibu. Pezi likilia, gundi imepata ufa na haina budi kuchimbwa na kutiwa upya. Kasha la injini huoshwa masizi siku hiyohiyo, na oringi zake, yaani pete za mpira za kuziba, hutupwa zikawekwa mpya.

Kwa utaratibu huohuo wa kupanda na kushuka, mwanaridhaa Steve Eves alirusha huko Maryland, tarehe 25 Aprili 2009, mfano wa Saturn V, roketi ya safari za mwezini, kwa kipimo cha moja ya kumi, yenye urefu wa zaidi ya mita 11, uzito wa kilo 750 hivi na injini tisa. Ilipanda zaidi ya mita 1,300 na kushuka kwa parachuti. Mwaka 2019 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California walivuka kilomita 100, wakagusa anga za mbali. Kwangu mimi ya Eves ndiyo kubwa zaidi, kwa kuwa kushusha mzigo ule salama ni kazi pevu.

Injini za kiwandani zilikuja kwa sababu ya majeruhi. Miaka ya 1950 vijana wa Marekani walikuwa wakijichanganyia fueli wenyewe na kuumia. Orville Carlisle, muuza viatu wa Nebraska, akatengeneza kijiroketi chenye injini ndogo ya kubadilishwa, na mwaka 1957 yeye na mhandisi wa roketi G. Harry Stine wakaanza kuvisambaza. Basi kijana unayesoma haya, fueli usiipike nyumbani hata kidogo. Anza na injini A ya kiwandani na roketi ya karatasi kwenye uwanja mpana, na kabla ya kurusha chochote ulizia ruhusa kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako.