Kulala kama pono: tashbihi na tangi la kioo

Mtu akishikwa na usingizi mzito, Waswahili husema amelala kama pono. Tashbihi hiyo tunafundishwa darasani na tunaikariri, ingawa wengi wetu, watu wa bara, hatujawahi kumwona pono. Je, ni pambo la lugha tu? Jibu liko kwa watu wanaofuga samaki wa matumbawe nyumbani.

Pono ni samaki wa miamba ya matumbawe, ndugu wa karibu wa ukoo wa Labridae, wenye spishi zaidi ya 500. Majina ya ukoo huu yanavutia. Kwa Kilatini, labrum ni mdomo, kwa kuwa samaki hawa wana midomo minene. Wrasse ya Waingereza ilitoka katika Kikorni, lugha ya Cornwall: gwragh, yaani bibi kizee, neno ambalo katika mazingira fulani ya kisarufi hudondosha g ya mwanzo na kuwa wragh. Halichoeres, jina la jenasi mojawapo, ni Kigiriki: nguruwe wa bahari. Hakuna hata jina moja kati ya hayo linalotuambia samaki huyu analalaje.

Tumchukue Halichoeres chrysus, mwenye rangi ya dhahabu na urefu wa sentimita 12 hivi. Giza likikaribia, hujizika mchangani na kulala humo mpaka asubuhi. Akiogopa, hufanya vilevile. Akiwa mgeni, amechoshwa na safari, anaweza kubaki chini ya mchanga siku kadhaa. Hapo ndipo kosa hutokea: mwenye tangi hudhani samaki amekufa, akaanza kuondoa mawe na kufukua mchanga. Hofu huongezeka juu ya uchovu, na samaki aliyekuwa amelala tu anaweza kufa kweli.

Anayetaka kumfuga, basi, aandae kwanza kitanda chake: mchanga laini wenye kina cha sentimita 5 au zaidi, maana chembe kubwa humchubua. Maji ya chumvi yawe na joto la nyuzi 24 hadi 26. Tangi liwe na kifuniko cha wavu, kwani akishtuka huruka nje. Matumbawe hayali, hutafuta minyoo na konokono wadogo. Asipoonekana, mwenye tangi asubiri.

Pono mwenyewe hajiziki. Baadhi ya aina zake hutoa ute mdomoni, wakajifunika kama kwa shuka na kulala kati ya mawe. Malazi ni tofauti, lakini wote wawili hulala kwelikweli. Kwa hiyo tashbihi yetu si pambo tupu: ndani yake mna jambo lililoonwa baharini, na anayelijua hatamfukua samaki aliye hai. Tunapokusanya misemo ya lugha zetu, tusiishie kwenye maana yake. Tuulize pia msemaji wa kwanza aliona nini.