Swichi ya Kompyuta na Amri Zake



Wapenzi wanafunzi, Tabora yetu ni njia panda tangu zamani. Misafara ya Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe, mingine ikaendelea Ujiji, mingine Karagwe. Reli nayo hugawanyika hapa, kwenda Kigoma na Mwanza. Swichi ya mtandao huzifanyia kompyuta kazi hiyo: hupokea ujumbe, hutazama anwani, huupeleka kwenye tundu linalohusika.

Swichi yenyewe haina kioo wala kipanya. Fundi huunganisha kompyuta yake kwa waya kwenye tundu la konsoli, kisha huandika amri. Kwa swichi za Cisco huanza na enable, halafu configure terminal. Akikosea herufi, mara nyingi amri hukataliwa. Akikosea namba ya tundu, swichi hutii, na ofisi nzima yaweza kukosa mtandao. Hilo ndilo la kuogopwa zaidi.

Amri hizo hufanya kazi papo hapo, lakini hukaa katika kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika (nasi umeme wetu twaujua) zote hupotea, isipokuwa fundi awe ameandika copy running-config startup-config.

Nenosiri nalo ni amana. Anayeingia kwenye swichi kutoka mbali atumie SSH, si Telnet, kwani Telnet hulipitisha wazi, na aliye njiani huweza kulisoma.