Harufu Mbaya Garini: Tuanze na Chanzo



Jamaa nyingi za Pwani huwazuru ndugu zao wa Makueni na Kitui kwa gari, wakipita Mtito Andei hadi Kibwezi, kisha wakaishika barabara ya Mutomo. Msimu wa maembe hurudi na magunia. Embe moja likibingirika chini ya kiti, au maziwa ya mtoto yakimwagika zuliani, baada ya siku mbili za joto gari halikaliki. Hapo wengi wetu hukimbilia marashi na udi. Huko ni kuficha, si kusafisha.

Toeni mazulia, tazameni chini ya viti, osheni kwa maji ya sabuni mahali palipochafuka, kisha anikeni juani, milango ikiwa wazi, hadi pakauke kabisa. Unyevu ukibaki huzaa kuvu, na kuvu hurejesha harufu. Mwisho, wekeni usiku kucha kibakuli cha makaa makavu yasiyowashwa. Husaidia kufyonza harufu iliyosalia.

Lakini makaa hayo hayo yakiwashwa ni hatari. Akina mama, msifukize udi kwa chetezo ndani ya gari lililofungwa, wala asilale mtu humo pamoja na jiko. Makaa yawakayo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huweza kumuua mtu usingizini.

Usafi ni katika dini yetu, na kuihifadhi nafsi ni katika dini vile vile.