Picha ndani ya picha: Fremu nyembamba yamaliza ugomvi wa familia

WAHENGA walisema asiyekuwapo na lake halipo. Sisi tuliozaliwa uhamishoni tunaujua msemo huo vizuri, maana hakuna harusi wala msiba wetu ambao ndugu wote huhudhuria.

Mimi nilizaliwa na kusoma Katumba, katika makazi ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mwaka 1972. Mwaka 2009 tulirudi Makamba. Baba mkubwa alibaki, akawa miongoni mwa watu zaidi ya 160,000 ambao Tanzania ilianza kuwapa vyeti vya uraia mwaka 2014. Shangazi, mdogo wake, alirudi pamoja nasi na sasa anaishi Rumonge. Kaka na dada hao hawajaonana tangu tulipoagana Katumba.

Mdogo wangu alipooa mwaka 2023, baba mkubwa hakuweza kusafiri. Alijirekodi kwa simu, ameketi mbele ya shuka jeupe, akatoa baraka zake. Mimi, mwalimu ninayehariri video za sherehe wakati wa likizo, niliichukua picha yake nikaipachika kwenye kona ya video ya harusi. Hema la harusi nalo lilikuwa jeupe.

Shangazi, ambaye mguu ulimzuia kuhudhuria, alitumiwa video hiyo. Jioni alipiga simu. "Kumbe kaka alikuja Makamba, akarudi bila hata kunijulia hali?" Nilipoanza kueleza, alikata simu. Kwa wiki mbili hakupokea simu ya mtu yeyote kati yetu.

Niliitazama upya kazi yangu, nikaona kosa. Shuka jeupe na hema jeupe vilikuwa vimeungana. Baba mkubwa alionekana kama mzee aliyeketi pembeni ya hema, na maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Leo nipo pamoja nanyi." Nani asingeamini?

Kilichokosekana ni fremu. Picha ndogo ikizungushiwa ukingo wa rangi, jicho huelewa mara moja kwamba hapa kuna picha mbili, zilizopigwa mahali pawili. Ukingo huo haumtengi mtu na sherehe. Unasema tu ukweli wa mahali alipo.

Nawaeleza wasomaji jinsi ya kuutengeneza, kwa kutumia Shotcut, programu ya bure inayofanya kazi kwenye kompyuta za kawaida. Programu nyingine nyingi hufuata njia hiyo hiyo.

Andaa matabaka matatu ya video. La chini kabisa weka video kubwa, yaani harusi. La juu kabisa weka video ndogo, yaani salamu. Tabaka la katikati weka kipande cha rangi tupu, kwa mfano nyeupe au ya dhahabu. Chagua rangi isiyofanana na mandhari ya nyuma. Mimi kwa hema jeupe nilichagua kijani iliyokolea.

Sasa tumia kichujio cha ukubwa na mahali. Kama video yako ina pikseli 1920 kwa 1080, ipe picha ndogo ukubwa wa 480 kwa 270, ambao ni robo ya upana na robo ya kimo. Ukitaka ikae chini kulia, ianzie pikseli 1344 kutoka kushoto na 756 kutoka juu. Hapo umeacha nafasi pembeni, kwani baadhi ya televisheni hukata kingo za picha.

Kipande cha rangi kizidi picha ndogo kwa pikseli 6 kila upande. Hivyo kitakuwa 492 kwa 282, na kitaanzia 1338 kutoka kushoto na 750 kutoka juu. Angalia jambo moja: kwa rangi hiyo ruhusu programu ivute umbo, vinginevyo fremu itakuwa nyembamba juu na chini kuliko pembeni. Rangi tupu haina uso wa kuharibika, lakini picha ya mtu usiivute kamwe.

Hakikisha rangi na picha ndogo vinaanza na kuisha pamoja. Vikipishana, kitabaki kisanduku kitupu kwenye kona. Punguza pia sauti ya ngoma wakati mzee anaposema. Mwisho, andika chini ya fremu mahali alipo.

Wafanyabiashara wa Mugina na Manyovu nao wanaweza kunufaika. Onyesha vitenge au mchele katika picha kubwa, na uso wako ukieleza bei katika picha ndogo. Kwa kuwa mteja hutazama kwa simu, ongeza picha ndogo ifike 640 kwa 360, na fremu yake 652 kwa 372. Lakini kama mzigo uko Kigoma na wewe uko Makamba, fremu na maandishi yaseme hivyo. Mteja akidhani umesimama mbele ya mzigo, kisha akagundua haukuwapo, hatanunua tena kwako.

Niliitengeneza upya video ya harusi, nikaweka fremu ya kijani na maneno "Katumba, Tanzania". Safari hii sikuituma kwa simu. Niliipeleka Rumonge mwenyewe, kwenye kompyuta.

Shangazi aliitazama kimya hadi baba mkubwa alipotokea. Alisogea karibu, akaweka kidole juu ya ile fremu.

"Kumbe bado yuko kule kule," alisema. Kisha akaniuliza kama naweza kumrekodi yeye pia, ili kaka yake amwone.