PIMA MAFUTA YA MOTERE KABLA YA KUPANDA

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumbani,

Mtauliza: mafuta ya pikipiki yanamhusu nini muganga? Sikilizeni. Siku moja waliniletea kijana aliyevunjika mfupa wa bega. Alikuwa akishuka mteremko. Mvua haikunyesha, wala gari halikumgonga. Ghafula motere ilikwama, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, pikipiki ikamtupa chini. Fundi alipofungua motere alikuta mafuta kidogo sana, tena meusi kama lami.

Ndani ya motere, vyuma husuguana mara maelfu kwa dakika. Mafuta hukaa katikati yao na kuondoa joto. Yakipungua, pistoni hupata moto, hutanuka na kukwama. Pikipiki nyingi za 125 zina karibu lita 1 tu ya mafuta. Kikombe kimoja cha chai kikipotea, sehemu kubwa imekwenda. Na hapa Bukavu, kupanda kutoka ziwani hadi Kadutu na mzigo mgongoni ni kazi ngumu kwa motere.

Mji wetu ni wa vilima, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanapima penye mteremko, pikipiki ikiegemea mguu wake wa pembeni. Mafuta hukimbilia upande mmoja, na kipimo kinadanganya. Fanya hivi:

1. Tafuta mahali pa sawa, hata kama ni uani kwa jirani. Simamisha pikipiki wima juu ya mguu wa katikati. Kama haina, mwenzako aishike.

2. Washa motere dakika 3, uizime, kisha ngoja dakika 2 au 3 mafuta yashuke. Jihadhari na bomba la moshi: linaunguza. Watoto wakae mbali.

3. Fungua kifuniko chenye kijiti cha kupimia. Pangusa kijiti kwa kitambaa safi, kirudishe, ukitoe tena. Kwa pikipiki nyingi, kijiti huingizwa bila kukikaza. Kitabu cha pikipiki yako kitakuambia. Nyingine zina dirisha dogo la kioo: tazama hapo.

4. Mafuta yawe kati ya alama ya chini na ya juu. Yakiwa chini, ongeza kidogo kidogo, upime tena. Usipite alama ya juu: kuzidisha nako kunaharibu.

5. Tazama rangi. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Usisafiri, mwite fundi.

Nunua mafuta ya pikipiki yenye maandishi JASO MA. Baadhi ya mafuta ya gari hufanya ambreyaji iteleze, na pikipiki inakosa nguvu mlimani.

Sasa neno la afya. Mafuta yaliyokwisha kutumika yana sumu. Yakizoea kukaa juu ya ngozi miaka mingi, yanaweza kuleta kansa. Nawa mikono kwa sabuni, usinawe kwa esansi. Usiyapake juu ya kidonda wala mahali palipoungua, hata kama wazee walifanya hivyo. Usiyamwage mferejini: mvua itayapeleka ziwani, tunakovua sambaza.

Mama, usikubali mafuta hayo yawekwe katika chupa ya Primus au ya limonadi. Mtoto hajui tofauti. Akiyameza, usimtapishe, kwa maana yanaweza kuingia mapafuni. Mpeleke kwa muganga mara moja, na ile chupa uichukue.

Kupima hakuchukui hata dakika 10, na hakuna malipo. Mfupa uliovunjika huchukua majuma mengi, na nyumbani watu wanangoja chakula. Basi mama, asubuhi ukiona baba anashika ufunguo, muulize neno moja tu: «Umepima?»