Raga Ilimpa Jina, Figo Zikamnyima Muda

HUENDA nyumbani kwako yupo kijana wa kidato cha pili au cha tatu ambaye kila shule zinapofungwa hurejea na goti lililochubuka, jezi iliyochanika na neno moja tu mdomoni: raga. Baba humkumbusha hesabu. Mama hutazama mwili ule uliorefuka ghafla katika muhula mmoja, akajiuliza kama kweli mtu anaweza kujipatia riziki kwa kugongana na wenzake uwanjani. Swali la mama si la kipuuzi hata kidogo.

Basi keti, mpenzi msomaji, nikusimulie habari za Jonah Lomu wa New Zealand. Nimemchagua yeye kwa sababu ujana wake na raga ya kulipwa vilikutana mlangoni. Kabla ya mwaka wa 1995, mchezaji wa raga ya watu 15 hakuruhusiwa kulipwa. Alikuwa polisi, mwalimu au mkulima, na jioni ndipo alipokwenda mazoezini. Mwezi Agosti mwaka huo wakuu wa mchezo huo walikutana Paris wakaondoa marufuku hayo. Lomu alikuwa na miaka 20.

Alizaliwa Mei 12, 1975, mjini Auckland, wazazi wake wakiwa watu wa Tonga. Utotoni alilelewa kwa muda huko Tonga na shangazi yake, kisha akakulia Mangere, kusini mwa Auckland, mtaa ambao vijana wake wengi walivutwa na magenge. Mamaye aliona mambo yanavyoelekea, akamtoa mtaani na kumpeleka shule ya bweni, Wesley College. Wewe mzazi uliyewahi kumfunga mwanao sanduku la bati kwa sababu hiyo hiyo, wamwelewa mama huyu bila kufafanuliwa zaidi. Huko shuleni ndiko nguvu za kijana zilikopata kazi ya halali.

Na nguvu zilikuwa nguvu kweli! Alifikia urefu wa karibu mita mbili na uzani wa kilo 120 hivi, ilhali mbio za mita 100 alizimaliza kwa sekunde zisizofika 11. Mtu wa umbo hilo kwa kawaida hupangwa mbele, kwenye msukumano. Lomu aliwekwa winga, mahali pa watu wepesi. Juni 26, 1994, aliichezea timu ya taifa, All Blacks, dhidi ya Ufaransa mjini Christchurch akiwa na umri wa miaka 19 na siku 45. Hakuna aliyewahi kuivalia timu hiyo katika mechi ya kimataifa akiwa mdogo kuliko yeye.

Usidhani kila kitu kilimnyookea. New Zealand ilishindwa mechi zote mbili dhidi ya Wafaransa, na chipukizi wetu akaachwa nje. Kambini kabla ya Kombe la Dunia la 1995, pumzi zilimsumbua hata ikawa shaka kama angesafiri. Kila mtu alidhani ni suala la mazoezi tu. Liweke hilo akilini, tutalirudia.

Alisafiri. Juni 18, 1995, uwanjani Newlands, Cape Town, New Zealand ilikutana na Uingereza katika nusu fainali. Mechi ilikuwa changa kabisa Lomu alipopata mpira ubavuni kushoto. Akawapita wawili, akayumba, akabaki na beki wa mwisho, Mike Catt. Hakujisumbua kumkwepa. Alimpita kwa juu kama matatu ipitavyo tuta, akaweka trai. Siku hiyo aliweka trai nne, na matokeo yakawa 45-29. Fainali waliipoteza kwa Afrika Kusini, 15-12 katika muda wa ziada, mbele ya Rais Nelson Mandela aliyevaa jezi ya nahodha, nambari 6.

Siku moja kabla ya fainali hiyo ilitangazwa kwamba kampuni ya Rupert Murdoch ingelipa dola milioni 550 kwa miaka 10 ili kuonyesha raga ya New Zealand, Afrika Kusini na Australia kwenye televisheni. Hesabu mwenyewe. Fedha hizo zilihitaji sura ya kuuza mchezo, na sura iliyokuwapo ilikuwa ya kijana wa miaka 20 kutoka Mangere. Klabu za raga ya watu 13, ambazo tangu zamani zililipa wachezaji, nazo zilimtaka. Alibaki kwao. Kufikia 1997 hata mchezo wa video ulikuwa ukiuzwa kwa jina lake.

Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Mwishoni mwa 1995, miezi michache tu baada ya Cape Town, madaktari waligundua kwamba figo zake zina ugonjwa wa kuvujisha protini. Figo ni kama chujio la chai. Zikiwa nzima, huacha uchafu upite na mkojo na kubakiza kile ambacho damu inahitaji. Zikiharibika kwa namna hii, protini hutoka, maji hujaa mwilini, miguu na uso huvimba, na mtu huchoka bila sababu ya kuonekana. Sasa zikumbuke zile pumzi za kambini. Sidai kwamba ndizo zilikuwa dalili, lakini nani angethubutu kumwambia jitu la kilo 120 kwamba ni mgonjwa?

Mwaka wa 1997 alikaa nje kwa sehemu kubwa ya msimu akimeza dawa kali. Kisha akarudi! Mwaka wa 1998 alitwaa dhahabu ya raga ya watu saba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kuala Lumpur, na katika Kombe la Dunia la 1999 akaweka trai nane. Ukijumlisha na saba za 1995 unapata 15, idadi ambayo kwa wanaume ilifikiwa na Bryan Habana wa Afrika Kusini mwaka wa 2015. Yote hayo Lomu aliyafanya na figo mbovu. Mimi hujiuliza angefanya nini akiwa mzima, kisha hujikanya, maana swali hilo halina faida.

Mechi yake ya mwisho ya kimataifa, ya 63, ilikuwa mwaka wa 2002. Alikuwa na miaka 27, umri ambao wenzake wengi ndipo wanapoiva. Mwaka uliofuata alianza kusafishwa damu kwa mashine, neva za miguu zikaharibika, ikawa hatari kwamba angeishia katika kiti cha magurudumu. Hapa kwetu twaijua mashine hiyo. Ni familia ngapi zimefanya harambee kwa ajili yake? Mwezi Julai 2004 mtangazaji mmoja wa redio, Grant Kereama, alimpa figo yake moja. Lomu alijaribu tena kucheza, hata akajiunga na Cardiff Blues ya Wales mwaka wa 2005, lakini mbio zile hazikurudi. Baada ya miaka kadhaa figo ile nayo ilikataa, akarudi kwenye mashine.

Alifariki nyumbani Auckland Novemba 18, 2015, akiwa na miaka 40. Wiki zilizofuata ziliwashangaza wengi: ilisemekana kwamba mtu aliyeifanya raga kuwa mali hakuacha mali ya kutosha, na chama cha wachezaji wa New Zealand kikaanzisha mfuko wa kuwasaidia wanawe wawili wa kiume. Mwaka huo huo alikuwa amesema kwamba shabaha yake ni kuishi hadi wavulana hao watimize miaka 21. Alipowaacha, mmoja alikuwa na miaka 6 na mwingine 5.