Malazi na Chakula kwa Mwanachama Aendaye Kutibiwa Mbali

Mkulima wa kahawa wa Mlowo anapokabidhiwa barua ya rufaa, jambo la kwanza analoliuliza ni gharama ya matibabu. Ni swali la haki, lakini si swali pekee. Aghalabu fedha zinazomwishia njiani si zile za dawa wala za upasuaji, bali zile za kitanda na sahani: mahali pa kulala yeye na ndugu anayemwuguza, na chakula cha watu wawili kwa siku ambazo hakuzihesabu. Bima ya afya humsaidia mgonjwa hospitalini. Hailipi chumba cha nyumba ya wageni wala wali na maharage ya mwuguzaji. Hapo ndipo wengine hukatiza matibabu na kurudi nyumbani kabla ya wakati, na wengine huuza kahawa ikiwa bado juu ya mti, biashara ambayo wakulima wa Kagera huiita butura, na ambayo hasara yake kila mwanachama anaifahamu.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua malazi na mahali pa kula katika safari ya matibabu, na sehemu ambayo chama cha msingi kinaweza kuichukua bila kuvunja taratibu zake za fedha.

Kujua kwanza mahali pa kwenda

Kwa mkazi wa Mlowo, magonjwa mengi humalizika karibu: katika zahanati na vituo vya afya, katika hospitali ya misheni ya Mbozi, au Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe tangu mkoa huo ulipoanzishwa mwaka 2016. Katika safari hizo mgonjwa huweza kwenda na kurudi siku ileile, na suala la malazi halizuki sana.

Suala huzuka anapotumwa Mbeya, mwendo wa kilometa zipatazo 60 kwa barabara kuu ya Tunduma. Hapa lipo jambo linalowapotezea watu fedha. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ina kitengo cha wazazi na watoto kiitwacho Meta, nacho kiko katika eneo lake chenyewe, mbali na majengo makuu. Tena mjini humo ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Mtu aliyeambiwa tu "nenda Rufaa" anaweza kulipia chumba upande mmoja wa mji ilhali mgonjwa wake amelazwa upande mwingine, akamaliza nauli za bajaji kwa kumpelekea uji. Barua ya rufaa isomwe kwa makini, na jina kamili la hospitali na la kitengo liandikwe kwenye karatasi kabla ya kupanda gari.

Wapo pia wanaokwenda Ikonda, wilayani Makete, katika hospitali ya Wamisionari wa Consolata, ambayo hupokea wagonjwa kutoka mikoa mingi. Na wapo wanaotumwa Dar es Salaam. Katika eneo la Muhimbili, pamoja na Hospitali ya Taifa, zimo Taasisi ya Mifupa na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iko kando ya bahari, na hospitali ya CCBRT iko Msasani. Mabasi ya mikoani hushusha abiria katika kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichoanza kazi mwaka 2021, nacho kiko mbali na hospitali zote hizo. Basi lililoondoka Mlowo alfajiri hufika jioni au usiku. Mgonjwa aliyechoka, asiyejua alale wapi, ni windo rahisi la wapiga debe. Kwa hiyo malazi ya usiku wa kwanza yapatikane kwa simu kabla ya safari, na yawe karibu na kituo. Kesho yake asubuhi, akiwa amepumzika, ndipo atafute malazi ya kudumu karibu na hospitali.

Kuhesabu siku kabla ya kuuliza bei

Kosa la pili ni kuuliza bei ya chumba kabla ya kujua idadi ya siku. Kila tiba ina hesabu yake. Mtu aendaye kupigwa picha au kumwona daktari bingwa huhitaji usiku mmoja au mitatu. Aliyefanyiwa upasuaji huruhusiwa kutoka wodini, lakini huweza kutakiwa kurudi kuangaliwa kidonda, na yafaa abaki karibu. Mwenye figo zilizoshindwa kazi, akianza kusafishwa damu, kwa kawaida huenda mara 3 kwa juma, muda wa saa 4 hivi kila mara, na hajui mwisho wake; huyo hahitaji nyumba ya wageni bali chumba cha kupanga. Mgonjwa wa saratani anayetibiwa kwa mionzi mara nyingi huenda siku 5 kwa juma, majuma kadhaa mfululizo, ingawa kila mara hukaa chumbani humo dakika chache tu. Kwa kuwa halazwi, kitanda ni juu yake.

Tuchukue mfano wa majuma 6, yaani usiku 42 na siku 30 za kwenda hospitalini. Bei zinazofuata ni za kuonyesha hesabu tu. Kila katibu aweke za kwake.

Chumba kilicho karibu na hospitali kwa shilingi 15,000 kwa usiku ni shilingi 630,000. Chakula cha watu wawili kwa shilingi 12,000 kwa siku ni shilingi 504,000. Jumla ni shilingi 1,134,000.

Mtu huona afadhali chumba cha shilingi 10,000 kilicho mbali, ambacho kwa usiku 42 ni shilingi 420,000. Lakini bajaji ya kwenda na kurudi kwa shilingi 6,000, mara 30, ni shilingi 180,000. Malazi na nauli yanakuwa shilingi 600,000. Ameokoa shilingi 30,000 tu, na kila siku mgonjwa ametikiswa barabarani.

Sasa mtu huyohuyo akisema na mwenye nyumba iliyo karibu, akamweleza kwamba atakaa usiku 42 na atalipa kila juma, akapunguziwa hadi shilingi 10,000, ameokoa shilingi 210,000. Akiruhusiwa kutumia jiko, na chakula kikashuka hadi shilingi 7,000 kwa siku, ameokoa shilingi 210,000 nyingine. Jumla yote inakuwa shilingi 714,000 badala ya 1,134,000. Tofauti hiyo ya shilingi 420,000 huweza kuwa ndiyo inayomfikisha mgonjwa juma la sita badala ya kumkatishia la nne.

Namna ya kuikagua nyumba ya wageni

Nyumba nzuri kwa msafiri wa biashara si lazima iwe nzuri kwa mgonjwa. Mwuguzaji aombe kukiona chumba kabla ya kulipa, naye aangalie mambo haya:

1. Umbali wa kutembea kwa miguu. Mgonjwa aweze kufika hospitalini, au walau mwuguzaji aweze kwenda mara 3 kwa siku bila nauli.

2. Ngazi. Mwenye mguu uliofungwa plasta au kidonda cha tumbo apewe chumba cha chini.

3. Choo na maji. Choo cha shimo cha kuchuchumaa ni taabu kubwa kwa aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga au goti. Bomba lifunguliwe lionekane kama linatoa maji, na iulizwe kama maji hukatika.

4. Usingizi. Nyumba yenye baa ukumbini haimfai mgonjwa, hata ikiwa rahisi. Mwuguzaji apite hapo jioni, si asubuhi, ndipo atajua ukweli.

5. Hewa, shuka na chandarua. Dirisha lifunguke, shuka zibadilishwe, chandarua kisiwe na matundu. Mbeya na Makete huwa na baridi kali, hasa mwezi Juni na Julai, basi blanketi la nyumbani lichukuliwe. Dar es Salaam taabu ni joto na mbu.

6. Usalama. Mlango uwe na komeo la ndani. Jina liandikwe kwa usahihi katika kitabu cha wageni, na stakabadhi idaiwe kwa kila malipo. Fedha zote zisibebwe mfukoni. Zibaki katika akaunti ya simu au benki na kutolewa kidogo kidogo.

Pengine muuguzi wa wodi au ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini ndiyo yenye habari iliyo bora kuliko ya dereva wa bajaji. Huko huulizwa kama hospitali, kanisa, msikiti au shirika fulani lina hosteli ya wagonjwa na wauguzaji. Muhimbili, kwa mfano, shirika la Tumaini la Maisha husaidia watoto wenye saratani na wazazi wao. CCBRT nayo, kuanzia mwaka 2009, ilitumia M-Pesa kupeleka nauli kwa wanawake wenye fistula waliokuwa wakishindwa kufika kutibiwa. Ni vema kuuliza kuliko kuona haya.

Chakula cha mgonjwa na cha mwuguzaji

Katika Kiswahili cha kila siku neno hoteli humaanisha mahali pa kulala, na vilevile mahali pa kula. Mgonjwa asidhani kwamba nyumba iliyoandikwa hoteli mlangoni ina chumba, wala kwamba yenye vyumba ina chakula.

Kwa fedha ya mkulima, mama lishe aliye karibu na lango la hospitali mara nyingi hushinda mkahawa mkubwa. Anajua wagonjwa, anajua saa za kuwaona, na anaweza kuombwa apike bila chumvi nyingi au mafuta mengi. Lakini achaguliwe kwa macho. Chakula kiwe cha moto kinachotoka jikoni, si kilichopoa tangu asubuhi. Pawe na maji ya kunawa na sabuni. Vyombo vioshwe kwa maji yanayobadilishwa. Penye wateja wengi chakula hakilali, na hiyo nayo ni dalili njema. Kachumbari na matunda yaliyomenywa mapema yaachwe, na maji ya kunywa yawe yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa. Tumbo la kuhara linaweza kumwahirishia mgonjwa siku yake ya upasuaji.

Kabla ya kununua chochote, muuguzi aulizwe maswali matatu: chakula gani kimekatazwa, dawa zinywewe kabla au baada ya kula, na kama mgonjwa anatakiwa kufunga kabla ya kipimo au upasuaji. Mwenye kisukari hupimiwa wali na ugali. Mwenye ugonjwa wa figo huweza kukatazwa hata ndizi na machungwa, vitu ambavyo ndugu humletea kwa upendo.

Mwuguzaji naye ale. Wengi hujinyima ili fedha itoshe, wakalala varandani penye baridi, na baada ya juma moja wagonjwa huwa wawili.

Ndugu wa mjini

Wengi hufikia kwa ndugu, na hilo ni jema. Hata hivyo wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgonjwa hawezi kushika jembe. Basi mwenyeji aelezwe tangu mwanzo idadi ya siku, na familia ichangie unga, mchele na mkaa. Debe la mahindi na maharage kutoka Mlowo hupunguza uzito wa ugeni. Ikiwa nyumba ya ndugu iko mbali sana na hospitali, hesabu ya bajaji iliyoonyeshwa hapo juu ifanywe tena, bila aibu.

Wajibu wa chama na wa katibu

Mwaka 1995, huko Manchester, Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika uliweka kujali jamii kuwa msingi wa saba wa ushirika. Msingi huo unaweza kutimizwa kwa mambo madogo yasiyo na gharama.

Kwanza, katibu afungue daftari la malazi. Kila mwanachama anayerudi kutoka matibabu aulizwe: alilala wapi, kwa bei gani, umbali gani, palikuwa na maji, alikula wapi. Jina la ugonjwa lisiandikwe. Hiyo ni siri ya mwanachama. Baada ya misimu miwili, chama kitakuwa na orodha ambayo hakuna mgeni wa mji awezaye kuipata kwa siku moja.

Pili, vyama vya jirani viunganishe orodha zao kupitia chama kikuu. Nyumba ya wageni inayohakikishiwa wateja wa vyama kadhaa kwa mwaka itakubali kupunguza bei. Huo ndio uzito wa kununua kwa pamoja, uleule unaotumika kwa mbolea.

Tatu, kama wanachama wanataka mfuko wa kusaidia nauli na malazi, mfuko huo uamuliwe na mkutano mkuu, uwekwe katika makisio ya mapato na matumizi, uwe na kiwango cha juu kwa kila mwombaji, na kila malipo yawe na hati na sahihi. Mkopo wa matibabu uombwe katika chama cha akiba na mikopo. Fedha za malipo ya kahawa ya wakulima zisiguswe kwa jambo hili, hata kwa siku moja na hata kwa huruma. Huruma isiyo na hati huja kuonekana katika ukaguzi kama upotevu, na anayeumia ni katibu aliyetaka kutenda wema.

Makatibu wanashauriwa kulianzisha daftari hilo kabla ya msimu wa kahawa, na kuwasomea wanachama makala haya katika mkutano ujao. Barua ya rufaa haisubiri mauzo. Humkuta mtu akiwa shambani, na siku hiyo yampasa akute jibu tayari ofisini kwa chama chake.